Mbegu ya Ngadiadia na Kibuyu cha Baba Mkwe

Mjukuu wangu Riziki amerudi kutoka chuo kikuu na neno refu kuliko barabara ya Kailo: antioksidanti. Alilitoa mezani, tukiwa tunakula sombe, mboga ya majani ya muhogo, na mama yake akaacha kupakua ili asikie vizuri ada ya shule imenunua nini. Riziki akatueleza kwamba kuna matunda ambayo hakuna anayeyajali, hayapangwi sokoni, wala hayapelekwi kwa wageni, lakini ndani yake, hasa kwenye mbegu, mna vitu vinavyozuia mafuta yasivunde na mwili usichakae upesi. Vingine, akasema, vinazuia vijidudu visizaane. Kisha akataja ngadiadia kwa mfano. Nikacheka hadi nikapaliwa na sombe. Aliponiuliza ninacheka nini, nikamwambia kwamba yeye mwenyewe yuko hapa duniani kwa sababu ya mbegu hiyo.

Basi kaeni, ninyi mnaotafuta kazi na ninyi mnaoikimbia, niwaeleze kazi niliyoifanya miaka yote ya nguvu zangu. Sitaifuata kwa utaratibu, maana nilipanda na kushuka kila siku na siku zote zimefanana.

Nilikuwa mgema. Nilipanda michikichi, nikakata, nikakinga maji yake, nikauza malofu, ndiyo tembo la mchikichi. Wakati wa Wabeleji hiyo haikuwa kazi ya kujisifia mbele ya makarani wenye kaptula za kupigwa pasi, lakini Jumamosi jioni makarani hao hao walinijua kwa jina. Nilikaa upande wa Alunguli. Ng'ambo ya mto Lualaba kulikuwa na bandari, stesheni ya gari moshi na kambi za wafanyakazi, yaani kulikuwa na kiu. Kila siku nilivuka na mtumbwi na vibuyu vyangu, na kila siku nilirudi navyo vitupu.

Aliyenifundisha ni Muzee Ngongo. Wazazi wangu walikufa nikiwa mdogo, na yeye, aliyekuwa jirani tu, akanichukua kama anayechukua kuku aliyeingia uani, bila mkutano wala maneno. Alikuwa mtu mnene kwa mgema, na michikichi ililalamika akipanda. Alinifundisha kufunga ukanda wa kupandia, kuuvuta kwanza kwa uzito wako wote ukiwa bado chini, maana ukanda unaokatika chini unakuchekesha na ukanda unaokatika juu unawaliza wengine. Alinifundisha kupanda bila kujipaka mafuta yenye harufu, kwa sababu ya nyuki. Hilo nilijifunza mara mbili: mara ya kwanza kwa mdomo wake, mara ya pili kwa midomo yangu, iliyovimba hadi nikashindwa kutaja jina langu.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa kibuyu kichafu. Ngongo hakuosha kibuyu kamwe. Mashapo ya jana yalibaki chini, na juu yake yakadondokea maji mapya usiku kucha. Asubuhi kibuyu kilikuwa kinatoa povu kama sabuni, na kufika saa sita mchana malofu yale yaliweza kumfanya mpakuzi wa mizigo bandarini aimbe wimbo wa kwao mbele ya msimamizi. Wateja walimpenda kwa hilo. Ngongo aliponiambia kwamba uchafu ni ufundi alikuwa sahihi, alimradi unataka watu walewe.

Tatizo langu lilianza nilipotaka wasilewe.

Palikuwa na msichana aliyekuwa akivuka mto na karai la muhogo, jina lake Zaina. Siku ya kwanza tulipokaa mtumbwi mmoja alishika pua, akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akasema: "Weye unanuka kama arusi yenye imeisha." Mtumbwi mzima ukacheka, hata mpiga kasia. Nami nikawa nimekwisha. Tangu siku hiyo nilioga kabla ya kuvuka, na Ngongo akadhani nina homa.

Zaina alikuwa binti wa Mwalimu Shabani, fundi cherehani aliyekuwa pia akifundisha watoto Kurani kwenye baraza yake, katika mtaa wa Waungwana. Mnawajua Waungwana wa Maniema: kanzu nyeupe, salamu ndefu, na Kiswahili wanachosema kimenyooka. Babu yake Mwalimu alitoka kijiji cha msituni kama babu yangu, lakini yeye alikutana na watu wa pwani mapema, na wangu alikutana na nyani. Tofauti ilikuwa hiyo tu, na ilitosha kujaza mto.

Nilikwenda mwenyewe kwa Mwalimu kuposa, kosa la kijana asiye na watu wake. Nilijua kwamba lazima nisilimu, na hilo halikunitisha; Zaina angeniambia niwe samaki ningeanza kunywa maji. Mwalimu alinisikiliza huku mguu wake ukiendelea kusukuma cherehani. Alinieleza kwa upole kwamba kusilimu ni mlango ulio wazi kwa kila mtu, lakini kazi yangu haiwezi kupita mlangoni pamoja nami. Nikamwambia sijui kazi nyingine. Nikamwambia pia kwamba maji ya mchikichi yakitoka kwenye mti ni matamu, mtoto mchanga anaweza kuyanywa, na kwamba kilevi kinakuja baadaye.

Hapo mguu ukasimama.

"Vema," akasema. "Kama ile maji iko halali, ikae tamu mpaka magharibi. Mwezi wa kufunga unakuya. Kila siku utaniletea kibuyu kimoja cha kufuturu. Siku yenye itaniuma ulimi, siku moja tu, usivuke tena mto kwa ajili ya mutoto wangu."

Nilitoka pale nikicheka kwa furaha, hadi nilipofika kwenye mtumbwi na kukumbuka kazi yangu ilivyo. Malofu yanatolewa alfajiri. Kabla ya adhuhuri yanauma. Jioni yanapigana. Mwalimu hakunipa masharti, alinipa njia ya adabu ya kunifukuza.

Nilianza kujaribu. Kwanza niliyachemsha maji yale yakiwa mapya. Hayakuuma jioni, kweli, lakini yalinuka moshi na kunata, na mama mmoja niliyemwonjesha akaniuliza kwa nini nimesahau kutia unga kwenye uji. Kisha nilikisugua kibuyu kwa mchanga na maji moto, nikakifukiza moshi, nikakikausha juani. Hiyo ilisaidia. Badala ya kuuma saa tano, yaliuma saa nane. Ngongo aliponiona nikisugua kibuyu chake kizuri, chenye mashapo ya miaka, alikaa chini akashika kichwa.

Jibu lilikuja kutoka kwa malalamiko ya mteja, na hili mliweke akilini ninyi mnaotaka kufanya biashara: anayekusifu anakupa furaha, anayelalamika anakupa habari. Ngadiadia, kwa asiyeijua, ni tunda la msituni, kubwa kama ngumi ya mtoto, rangi ya chungwa lililochoka. Nyama yake inanata na ni chachu, na hakuna anayeila asiyelazimika. Mbegu zake ndizo zinazotafutwa. Ni chungu, halafu baada ya muda zinakuachia utamu kidogo kooni. Wanaume wanazitafuna mchana huku wakitabasamu, kwa sababu wanaamini zinawarudishia ujana chumbani, na kama mna maswali zaidi waulizeni baba zenu. Ngongo alikuwa akizitwanga kidogo na kuzitia katika vibuyu vya wapakuzi waliopenda uchungu, maana uchungu uliwakumbusha bia ambayo hawakuwa na pesa ya kuinunua.

Siku moja mpakuzi mmoja akanirudishia kibuyu amekasirika. Alisema yale machungu hayapandi kichwani, amekunywa hadi tumbo limekuwa ngoma na bado anamkumbuka mke wake. Wengine wakamuunga mkono. Nikaomba radhi, nikachukua kibuyu, nikaonja. Ilikuwa alasiri. Kulikuwa na uchungu, lakini kuuma hakukuwapo. Nilimkumbatia yule mtu, naye akanisukuma akidhani nimelewa.

Sasa ufundi wenyewe. Mbegu isiwe kavu sana, iwe bado na unyevu. Unaimenya ganda la kahawia, unaikwangua iwe laini, unaiweka ndani ya kibuyu kilichooshwa kwa maji yanayochemka na kufukizwa moshi, kabla hujakitundika juu. Ukingoja hadi alfajiri ndipo uitie, umechelewa, vijidudu vya Riziki vimekwisha kula na kuota. Ukizidisha, mtu atakunja uso kama anayekunywa dawa ya mafua. Ukipunguza, povu linarudi. Ukishusha, chuja, ziba kwa jani la mgomba, fukia kibuyu kwenye mchanga wenye maji kando ya mto, mahali penye kivuli, na kiache hapo hadi saa ya kuvuka. Riziki anasema huenda nusu ya kazi ilifanywa na maji moto na ule mchanga baridi, na mbegu ikachukua sifa zote. Inawezekana. Hata hapa nyumbani mambo yanakwenda hivyo.

Mwezi wa kufunga ukaingia. Kila siku nilivuka jua likiwa linashuka, nikakaa kwenye ukingo wa baraza, mbali kidogo kama ilivyofaa, na kungoja adhana. Mwalimu alifungua saumu kwa maji, kisha akamimina kutoka kibuyu changu kwenye bakuli la bati. Aliweka ulimini, akafumba macho. Hakuwahi kusema ni tamu. Alisema tu "kesho," nami nikarudi mtoni nikiwa nimeishi siku nyingine. Zaina alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Nilijua yupo kwa sababu pazia lilipumua. Nilimpenda, na sioni haya kusema hivyo mbele yenu, ninyi ambao mnaandikiana mioyo myekundu na kusahauliana kabla ya Ijumaa.

Yule mzee alikuwa anaanza kubadilika. Bakuli la kwanza lilikuwa la kuonja. Baadaye likawa la kunywa. Kisha akawa ananiuliza kama mvua ya mchana haikunisumbua kupanda, swali ambalo halimhusu mtu anayetaka nianguke.

Mwezi ukiwa umebaki kidogo, mbegu zikaniishia. Waliokuwa wakizileta kutoka msituni hawakuonekana sokoni, kwa hiyo nikaamua kwenda mwenyewe upande wa Kailo kuzitafuta. Nilikwangua mbegu ya mwisho, nikakitundika kibuyu cha kesho yake mahali pake, nikamwomba Muzee Ngongo akishushe alfajiri, akifukie mchangani na akivushe jioni. Nilimweleza kila hatua. Alinisikiliza akitikisa kichwa kwa utulivu, na ule utulivu ungenionya kama ningekuwa mtu wa kuangalia nyuso.

Niliporudi na mkoba wa ngadiadia begani, nilimkuta amekaa mlangoni amevaa shati lake la sherehe, uso unang'aa. Akaniambia nisihofu, amenitengenezea jina ng'ambo. Alikuwa amekionja kibuyu changu alfajiri, na kikamvunja moyo. Kwao, na kwetu sisi watu wa msituni, mkwe anapelekewa malofu makali kuliko yote uliyo nayo. Ukimpelekea yasiyouma unamwambia kwamba binti yake hana thamani. Ngongo alikuwa amevumilia aibu hiyo karibu mwezi mzima, akiniona mtoto aliyemlea nikivuka kila siku na tusi mkononi. Kwa hiyo alimwaga yangu, akamjazia Mwalimu kutoka kibuyu chake kikuukuu, chenye mashapo ya miaka, akakivusha, akakikabidhi kwa adabu, akaondoka.

Nilikaa chini pale mchangani na sikuweza hata kumkasirikia, kwa sababu alikuwa ananitazama akingoja shukrani.

Yaliyotokea barazani niliyasikia baadaye kwa Zaina. Mwalimu aliweka ulimini, akatema, akamwaga bakuli lote uani, na kibuyu juu yake. Bata wa mama yake Zaina wakakimbilia. Walikula futari yao vizuri sana bata wale. Mmoja alishindwa kupita mlango wa banda akawa anaupiga kwa kifua, na mwingine alijaribu kupanda paa. Mtoto wa jirani alikimbia kwao kusema bata wa Mwalimu wameingiwa na shetani. Yaani hata siri ya aibu yangu haikupata nafasi ya kukaa ndani ya nyumba moja.

Ujumbe uliletwa asubuhi na mpiga kasia: nisivuke tena. Ndipo nikamweleza Ngongo lile sharti, ambalo sikuwa nimemweleza kwa ukamilifu, kwa kuwa nilijua angelicheka. Hakulicheka. Alivaa tena lile shati, akashuka mtoni. Nilimfuata nikimwambia mambo yamekwisha, tutaongeza aibu tu. Mtumbwi ulizama upande aliokaa, na hivyo tukavuka, yeye mbele kaulalia mto, mimi nyuma niko juu.

Mwalimu alikuwa anashona. Ngongo hakungoja kukaribishwa. Alikaa chini kwenye udongo, si kwenye mkeka, akaweka mikono yote miwili mapajani.

"Muzee mwenzangu," akasema, "huyu mutoto hakukosa. Niko miye. Yeye alikuletea maji ya batoto mwezi mzima, na miye roho ikaniuma. Nikasema, mutoto wangu hawezi kuomba mwanamuke na maji ya batoto, bataona hana muntu. Ile kali njo yangu. Kama ni kufukuza, unifukuze miye."

Cherehani ilinyamaza. Mwalimu alimtazama Ngongo, lile shati lililobana tumbo, ule udongo aliokalia kwa hiari yake. Nilikuwa nimesimama nyuma nikitazama miguu yangu. Nilikuwa tayari kurudi kwenye mtumbwi, na nawaambia kweli kwamba sikulia kwa sababu tu bata walikuwa wananitazama.

"Mwezi mzima," Mwalimu akasema polepole, "ninaona kibuyu kinavuka mto. Muntu wake simuone. Ninajiuliza, huyu kijana katoka wapi, nani atasimama siku akimupiga binti yangu, nani nitamwita? Leo baba yake amekuya." Akageukia ndani ya nyumba. "Mama Zaina, tandika mukeka. Tuko na bageni."

Pazia likapumua kwa nguvu hadi likaanguka.

Hivyo ndivyo nilivyooa. Sikupata mke kwa malofu matamu ya siku nyingi. Nilimpata kwa siku moja chachu, na kwa mtu mnene aliyejua kukaa chini. Ngongo alizungumza mahari kama baba, akapunguziwa kama baba. Nilisilimu, nikaitwa Yusufu. Sharti lilibaki kwamba kazi yangu iwe ya maji matamu tu, na nikalishika. Wapakuzi wa bandari walinilaani kwa muda, wakahamia kwa Ngongo na vibuyu vyake vichafu, akatajirika kidogo kwa sababu ya dini yangu. Mimi nikapata wateja wapya: akina mama wanaonyonyesha, wazee wa msikitini, na Mbeleji mmoja wa ghala, mwenye tumbo bovu, aliyeita bidhaa yangu limonadi na hakunisalimu hata siku moja.

Mwalimu Shabani hakuacha kibuyu chake mwezi ulipoisha. Alisema tumbo lake limekizoea. Kila magharibi nilimpelekea, Ramadhani ikapita, nyingine ikaja. Zaina akajifungua mtoto wetu wa kwanza, ambaye ni mama wa Riziki. Na mtoto huyo alipoanza kutambaa, Mama Zaina, mama mkwe wangu, mwanamke aliyekuwa amekwisha kugawa nguo zake za uzazi, naye akapata mimba. Mtaa mzima ulikwenda kumpongeza Mwalimu, wengine mara mbili ili wamtazame vizuri. Ngongo alivuka mto kwa ajili hiyo tu, akampa mkono, akanikonyeza, na nikatamani ardhi inifungukie.

Siku chache baadaye baba mkwe aliniita kwenye baraza, watoto wa Kurani wakiwa wamekwenda nyumbani. Alifunga kitambaa chake cha kichwani vizuri, akatazama barabarani kushoto na kulia.

"Yusufu. Mu kile kibuyu unatiaka nini?"

Nilikuwa mkwe, tena Mwislamu. Sikuweza kusema uongo.

"Ngadiadia, baba."

Aliondoa uzi kwenye sindano, akaurudisha. Nilimwona akihesabu kichwani, si pesa wala siku, ila jioni zote zile na usiku uliofuata kila moja. Masikio yake yakabadilika rangi. Kisha akasukuma gurudumu la cherehani kwa mkono, likaanza kuzunguka, akasema bila kunitazama:

"Mama yako asijue. Na usipunguze."